Gunia la Majani kwenye Meza ya Vibonzo

Yule mwanamke wa gambuti ni mama yangu. Nimelikana jambo hili kwa miaka sita, mbele ya wasomaji, mbele ya mchungaji, mbele ya mama mwenyewe, na mara moja mbele ya darasa zima la sekondari huko Kiptere, ambako msichana wa mstari wa mbele alisimama akaniuliza waziwazi. Nilimjibu kwa Kiswahili cha chuo kikuu. Nilisema mhusika wa kubuni huwa ni mkusanyiko wa watu wengi. Akaandika daftarini, maskini, na huenda amewahi kulijibu swali la mtihani kwa uongo wangu.

Wanaonijua kwa makala za gazetini, zile ambazo ndani yake namnyooshea kidole kila mtu isipokuwa mimi, wengi hawajui kwamba pia nachora vibonzo. Sikutangaza. Mwanamke wa umri wangu, mwenye shahada mbili na goti moja bovu, anatarajiwa awe na ng'ombe wa maziwa au cheo kanisani. Kalamu za rangi ni za wajukuu. Kwa hiyo nilikuwa nikichora mezani jikoni kwangu, mjini Kericho, na mgeni akibisha nazifunika na ungo.

Shujaa wangu ni mchuma chai. Ana aproni ya plastiki, kitambaa cha kichwa chenye maua yaliyopauka, gambuti nyeusi, ya kushoto ikiwa imezibwa kwa kiraka cha tyubu ya baiskeli, na kidole cha mwisho kilichopinda kama ndoano. Harushi moto machoni wala haruki juu ya majumba. Uwezo wake ni mmoja tu: akitia mkono ndani ya kitu chochote, liwe gunia, debe la maziwa au hotuba ya mheshimiwa, anajua papo hapo kama kimetiwa maji. Uwezo huo aliupata kwa aibu. Katika kitabu cha kwanza, ukurasa wa saba, yeye mwenyewe anayamwagia maji majani yake ya chai ili yawe mazito, na karani wa mizani anamshika mbele ya watu.

Ukurasa wa saba sikuubuni.

Nilikuwa na miaka kumi hivi. Nyumbani ni upande wa Mogogosiek, na wakati huo mama na jirani yetu walikuwa na mashindano ambayo hakuna kati yao aliyekubali kwamba yapo: gunia la nani litausogeza mbali zaidi mshale wa mizani. Walikuwa marafiki. Walisali pamoja, waliazimana sufuria, kila mmoja alikaa kando ya kitanda cha mwenzake wakati wa kujifungua. Lakini karani akianza kupima, kila mmoja aliutazama mshale wa mwenzake kwa pembe ya jicho. Kwa majuma matatu mfululizo jirani alikuwa akishinda. Siku moja, baada ya chakula cha mchana, mama alinituma jagi la maji. Nikamletea. Sikuuliza, kwanza kwa sababu kwetu mtoto hakuuliza, na pili kwa sababu nilijua.

Kwenye kituo cha kununulia majani, karani alizamisha mkono guniani hadi kwenye kiwiko, akautoa, akautikisa.

"Mama," alisema, na foleni nzima ikageuka, "hii ni majani ama umeleta nguo za kuanika?"

"Ni umande," mama akajibu.

Ilikuwa saa nane mchana, Januari, jua la kupasua midomo.

Karani hakubishana. Alimwambia ayatandaze majani pembeni, ayageuze mpaka yakauke, na apimiwe mwisho. Jirani alipima akaenda zake, akigeuka nyuma mara mbili. Mama alipiga magoti kando ya mizani akiyageuza majani kwa mikono miwili, nami kando yake, huku watu wote aliowajua duniani wakipita. Tukirudi nyumbani aliniambia ulikuwa umande. Baba naye aliambiwa umande. Tangu siku hiyo neno hilo halijabadilika.

Sasa ana zaidi ya miaka sabini na ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Mtu akinena uongo mbele yake, humtazama tu mpaka anyooshe maneno. Ndiyo maana nilikana. Nikikubali kwamba mwanamke wa gambuti ni yeye, basi na ukurasa wa saba ni wake, na nitakuwa nimempigisha magoti tena pale kando ya mizani, safari hii mbele ya nchi nzima. Tena mimi, niliyeleta maji.

Kitabu cha kwanza alikikuta kwangu, akavaa miwani, akatazama jalada kwa muda mrefu.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni mtu wa kubuni, mama."

"Mtu wa kubuni iko na gambuti yangu."

"Gambuti zote zinafanana."

"Na hii kiraka?"

Alianza kufungua kurasa. Alipofika ukurasa wa tano nilimwambia miwani yake ina vumbi, nikamvua mwenyewe, nikaenda kuisafisha jikoni kwa muda ambao ungetosha kuosha madirisha ya nyumba nzima. Kitabu nacho nilikuwa nimekichukua kwa mkono wa pili, nikakificha kabatini. Lakini kila Krismasi aliuliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za ng'ombe: "Na yule mama wa kubuni, anaendelea?"

Mwaka jana nilipata meza kwenye tamasha kubwa la vibonzo Nairobi. Wanaojua mambo walinieleza kwamba kuwa na meza huko ni heshima. Hawakunieleza kwamba mwenye meza hubeba maboksi. Nilimwomba mdogo wangu, mwalimu wa hesabu huko Sigowet, anisaidie. Yeye ndiye aliyegundua kwenye mtandao kwamba kwenye tamasha la aina hiyo watu huvaa kama wahusika.

"Mimi nitakuwa shujaa wako," aliniambia. "Niko na umbo la mama. Wewe ulichukua la baba, pole."

"Nguo tutatoa wapi?"

"Si ziko nyumbani zimetundikwa nyuma ya mlango."

Hapo ndipo uongo ulipozaa mwingine. Nilimpigia mama nikamwambia tunakwenda Nairobi kwenye maonyesho ya kilimo, na kwamba watu wa huko wangependa kuona mavazi ya mchuma chai halisi. Nilijiona mjanja sana. Nilisahau ninazungumza na nani. Mtu wa kwetu hawezi kumwachilia mtoto aende maonyesho ya kilimo na nguo tupu, kama vile angekwenda kuonyesha ngozi bila ng'ombe. Ijumaa tulipopita kuchukua aproni, tulimkuta amesimama barazani, sketi imelowa hadi magotini, na kando yake gunia la nyavu limejaa majani mabichi.

"Nimechuma tangu alfajiri," alisema. "Majani mawili na kichipukizi. Ukipata jani ya tatu humo ndani, nirudishie. Waone majani imechumwa na mtu."

Kisha akatupa masharti. Tusilishindilie gunia. Lisikae juani. Madirisha ya gari yabaki wazi, majani yapate hewa. Tukifika tuyatandaze na tuyageuze kila saa, yasije yakapata joto na kuwa mekundu, tukamwaibisha.

Sijui kama aliyelelewa mbali na chai atanielewa. Majani yaliyochumwa ni kama mtoto mchanga: mwenyewe akiwa hayupo, aliye karibu anawajibika. Tungeweza kulimwaga lile gunia kwenye mtaro wowote na hakuna ambaye angejua. Wazo hilo halikutujia hata kidogo. Tulipita Londiani na madirisha yote manne wazi, upepo ukitukata masikio, gunia limekaa kiti cha nyuma limefungwa mkanda, sisi wawili mbele tumejifunga mablanketi.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kama kiwanda cha chai, na kelele zake karibu zilingane. Meza yetu ilitosha vitabu, viwiko na wasiwasi. Mambo ya nyuma ya meza niliyojifunza asubuhi ya kwanza ni haya: bango la kusimama halisimami, mkanda wa gundi unaazimwa na watu kumi na mbili na haurudi, huwezi kwenda msalani bila mkataba na jirani, na mashavu ya mtu aliyezoea kununa gazetini huuma vibaya sana baada ya saa mbili za kutabasamu. Nilijifunza pia kuhusu yule msomaji anayekuja, anasoma kitabu chote akiwa amesimama, anacheka pale panapostahili, anakifunga kwa upole, anakirudisha mahali pake na kukuambia una kipaji.

Jirani yetu wa meza alikuwa binti aliyeuza picha za majoka alizochora mwenyewe, vizuri kuliko mimi. Alikuwa amebandika pembe mbili kwenye paji la uso. Saa sita ilipofika, aliinama chini ya meza kula githeri kwa siri, kwani alisema mtu mwenye pembe akionekana anakula githeri anapoteza wateja.

Saa ya kwanza tangu tufike mezani ilipotimia, mdogo wangu, amevaa aproni na gambuti za mama, aliniangalia. Nilimwangalia. Tukasukuma vitabu pembeni, tukatandika kitambaa cha meza, tukamwaga majani.

Mwanamke mmoja wa uratibu wa tamasha alifika mara moja, na redio mkononi. "Madam, chakula hakiruhusiwi mezani."

"Si chakula," mdogo wangu akamjibu bila kuacha kugeuza. "Ni majani mabichi. Kula uone tumbo."

Mwanamke yule alifikiri, akaangalia karatasi yake, ambayo haikuwa na kifungu juu ya majani mabichi, akaondoka.

Kisha watu wakaanza kusimama. Kwanza shujaa mmoja mrefu, amevaa deraya ya vita ya maboksi iliyopakwa rangi ya fedha.

"Mathee, hiyo ni nini?"

"Ni chai," mdogo wangu alisema.

"Chai? Si chai ni brown?"

Kwa mwalimu aliyefundisha miaka ishirini, hilo lilikuwa kosa la kumwita mwanafunzi ubaoni. Alimweleza shujaa habari ya majani mawili na kichipukizi, jinsi kucha isivyotakiwa kukata bali vidole kuvunja, na kwa nini jani la tatu ni aibu. Kisha akamwambia avue glavu zake za maboksi na asaidie kugeuza. Akavua. Baada ya saa moja tulikuwa na foleni. Malaika, mzimu, na mtu fulani aliyekuwa jengo, wote wakisubiri zamu ya kugeuza majani ya mama yangu. Mdogo wangu akawa karani. "Wewe, polepole. Unageuza, hupigi ugali. Anayefuata."

Vitabu vilinunuliwa pia, lakini kwa heshima nitasema kwamba watu walikuja kwa majani.

Mchana huo wa Jumamosi, binti mwenye pembe aliinua simu, akaanza kuturekodi. Aliipitisha juu ya mikono iliyokuwa ikigeuza, akaipandisha hadi kwa mdogo wangu, kisha hadi kwenye bango, ambako shujaa wangu anasimama kwa urefu wa mtu, gambuti ileile, kiraka kilekile. Akanigeukia.

"Auntie, huyu ni mtu wa ukweli?"

Nilifungua mdomo kumpa jibu la Kiptere. Mkusanyiko wa watu wengi. Lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya majani, na tangu asubuhi, mimi na malaika na mzimu na deraya ya maboksi, tulikuwa hatujaona hata jani moja la tatu. Hata moja. Mwanamke wa miaka sabini na kitu alikuwa amesimama kwenye umande wa kweli tangu alfajiri, akivunja kichipukizi kimoja kimoja, kwa sababu nilimdanganya. Shujaa wangu angeuingiza mkono kwenye maneno yangu na kuutoa umelowa.

"Ni mama yangu," nikasema.

"Kumbe! Hata hii?" Alikuwa ameshika kitabu kwa mkono wa pili, amefungua ukurasa wa saba, akausogeza mbele ya simu ili uonekane vizuri.

"Hata hiyo. Maji niliyaleta mimi."

Mdogo wangu aliacha kugeuza. "Umejimaliza," alisema kwa sauti ya chini, binti alipoondoka kuhudumia mteja.

"Nani atamwonyesha? Simu ya mama ni ya vibonyezo."

"Ya mama, ndiyo. Jirani alinunuliwa smartphone na mtoto wake Krismasi. Unafikiri anaangalia nini siku nzima, hali ya hewa?"

Jumapili asubuhi tulijua kwamba picha zile, ambazo binti alizitupia mtandaoni, zimefika kwetu kabla ya maziwa kufika. Binamu aliandika, "Hongera, na pole." Mchungaji alinitumia alama ya mikono miwili iliyounganishwa, ambayo yaweza kuwa maombi, na yaweza kuwa rambirambi. Nilijaribu kumpigia mama mara mbili. Simu ilikuwa imezimwa, maana huizima kanisani, na ibada yetu ni ndefu. Nilikaa nyuma ya meza nikitabasamu kwa mashavu ya jana, nikihesabu: sasa wako kwenye nyimbo, sasa mahubiri, sasa matangazo, sasa wanatoka na kusimama nje kwa makundi, na kundi la akina mama liko pale penye kivuli cha tangi la maji, na yeye yuko katikati yao bila pa kwenda. Majani yalikuwa yamenyauka, yamelegea kama leso. Tuliendelea kuyageuza kila saa. Hakuna aliyetuambia tuache.

Saa saba na dakika chache simu ililia. Mdogo wangu alisogeza sikio karibu na langu, kitambaa cha mama kikinikwaruza shavuni.

"Chamgei, mama," nilisema.

"Chamgei. Majani yangu iko aje?"

"Iko salama. Tunageuza."

"Kila saa?"

"Kila saa."

"Na usiku?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Usiku tulilala, mama."

"Hm." Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake wengi, kisha zikatulia, na nikajua simu imewekwa sauti ya juu. "Hiyo maonyesho ya kilimo. Hao watu wa pembe ni idara ya mifugo?"

Mdogo wangu alijifinya mdomo. Mimi nilitazama sakafu. "Haikuwa maonyesho ya kilimo, mama. Nilikudanganya. Ni ya vitabu vyangu."

"Tumeona. Hapa nje ya kanisa, sisi wote. Mara nne, kwa simu ya huyu jirani." "Miaka sita nakuuliza huyu mama ni nani. Kila Krismasi. Unaniambia ni wa kubuni. Nikasema basi, pengine msichana wangu amepata mama mwingine huko Kericho wa kumwandika."

Sikuwahi kufikiria hivyo. Kwa shahada zote mbili, sikuwahi.

"Ni wewe, mama. Tangu mwanzo."

"Nimesikia. Ukamwambia mtoto wa pembe kabla ya kuniambia mimi."

"Samahani. Ilikuwa ni kwa sababu ya ule ukurasa, wa maji. Naweza kuutoa. Kitabu kikichapwa tena, nautoa."

"Nimekuambia utoe?"

Sauti ya jirani iliingia nyuma, kwa Kipsigis, na kundi zima likaangua kicheko. Mama alingoja kicheko kiishe.

"Huyu anasema alijua tangu siku hiyo. Anasema umande gani wa saa nane. Anasema yeye mwenyewe alikuwa anaweka viazi ndani ya gunia, majuma matatu, na sasa anataka umwingize kwa kitabu."

"Nimjibu nini, mama?"

"Mwambie hakuna nafasi. Yeye hakushikwa. Aliyeshikwa ni mimi."

Mdogo wangu alikuwa ameanza kuyageuza majani tena, polepole, kama mtu anayebembeleza kitu kilale.

"Lakini kuna mahali umekosea," mama alisema, na sauti yake ikawa ile ya kunyoosha watu maneno. "Hiyo jagi umechora ya bluu. Ilikuwa ya kijani. Mimi ndiye nilimwaga, najua. Rekebisha."